Kibabu cha Mishi

Mwaka wa uhuru, bibi mmoja wa Kizungu wa Diani aliyekuwa akifunga mizigo arudi kwao alimwagiza Mishi amfumie kwa kroshia kibabu kama kile cha udongo kilichosimama bustanini mwake, chenye ndevu nyeupe, kofia nyekundu ya ncha na tumbo la mviringo. Mishi alifuma barazani huku akimwuguza baba mkwe wake, mzee Chirau, aliyekuwa hoi kwa kifua. Kila alipoitwa, aliichomeka sindano kifuani mwa kibabu isije ikapotea, akaenda kumnywesha uji.

Asubuhi moja mzee alikitazama, akazishika ndevu zake mwenyewe.

"Mkaza mwanangu, si mimi huyu? Usinishindilie sufi sana kifuani, nitashindwa kupumua!"

Mishi alicheka hadi machozi. Wifi yake, Biasha, aliyekuwa akichambua mchicha, hakucheka.

Siku ya tatu mzee alikata roho. Matangani Biasha aliyasimulia maneno ya marehemu vile vile alivyoyatamka, bila kuongeza hata moja, kisha akakiweka kibabu mkekani, sindano ikiwa bado kifuani.

"Alisema hivyo au hakusema?" Alfani, mwana wa marehemu, alimwuliza mkewe Mishi.

"Alisema, mume wangu. Lakini alikuwa akitania."

"Nani mwingine aliyemsikia akitania?"

Mishi alimtazama Biasha. Biasha akainamisha macho.

Jioni ile Mishi alirudi kwao Funzi na talaka yake. Kibabu kilifukiwa nyuma ya choo, na hakuna aliyethubutu kuichomoa sindano.