Samaki wa Kufugwa kwa Mkono Mmoja

Mkono wangu wa kushoto ulikufa ganzi asubuhi moja nikiwa karakana, pale Gongoni, napiga randa ubao wa mninga. Sikusikia maumivu. Niliona tu kwamba randa imelala sakafuni na mkono umening'inia, kama wa mtu mwingine aliyesimama nyuma yangu. Nilitaka kumwita fundi wa jirani, nikausikia mdomo wangu ukitoa sauti ya mlevi. Hospitali walisema ni kiharusi. Nililala wodini wiki tatu. Mguu ukarudi, maneno yakarudi taratibu. Mkono na shavu la kushoto havikurudi.

Nilikuwa seremala kwa zaidi ya miaka thelathini. Baba alikuwa seremala, na babu pia, ambaye wazee walisema watu wake walifika Tabora na misafara ya Ujiji wakitengeneza masanduku ya wenye mali. Nilidhani nitalia siku ya kuifunga karakana. Sikulia. Nilimpa mke wangu ufunguo, akauweka kabatini, nami nikakaa barazani kwetu Itetemia nikitazama ukuta wa jirani. Watu walikuja kunipa pole. Nikawajibu nimeshapoa, wakaenda zao. Sikuwa na huzuni, na hilo ndilo lililomtia mke wangu hofu.

Mvua za kwanza zilipopita, bwana afya wa kata alikuja kukagua nyumba. Nyuma ya jiko letu kuna tangi la saruji lililochimbiwa ardhini, hatua nne kwa tatu, kina chake kinanifika kifuani. Marehemu baba alilijenga kwa ajili ya kuvuna maji ya mvua, na tangu bomba lifike mtaani hakuna aliyelishughulikia. Bwana afya aliinama, akachota maji kwa kikombe, akanionyesha viluwiluwi vya mbu vinavyojipindapinda.

"Mzee, hapa unafuga malaria. Ama ulifukie, ama uweke samaki wawale hawa."

Nikamwambia tutalifukia. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda anapepeta mchele, wala hakuinua kichwa.

"Tutaweka samaki," alisema.

Bwana afya alipoondoka nilimuuliza ni samaki gani hao.

"Utachagua wewe," alinijibu. "Kwani mbao alikuwa anakuchagulia nani?"

Sikuwa na hamu ya kuchagua kitu chochote. Kazi hiyo nikamwachia jirani yetu anayeuza migebuka na dagaa wanaoletwa na treni kutoka Kigoma. Nilimwona ni mtaalamu, ingawa samaki wote anaowashika wameshakufa. Hakusita hata kidogo.

"Kambale," alisema. "Anaishi hata kwenye tope. Anakula chochote utakachomtupia. Ukimsahau wiki nzima, utamkuta."

Kwa mtu kama mimi, niliyekuwa sikumbuki hata kama mimi mwenyewe nimekula, maneno hayo yalitosha. Alituletea kumi kutoka bwawani, ndani ya ndoo yenye kifuniko, weusi, wenye masharubu, kila mmoja urefu wa shibiri. Mke wangu aliishika ndoo, mimi nikaingiza mikono yote miwili kuwatoa, kwa mazoea tu. Mkono wa kushoto nilikuwa nausukuma kwa ule wa kulia, kama mtu anayesukuma kabati. Niliendelea hivyo hadi mke wangu akapiga kelele.

"Mkono wako! Toa mkono wako!"

Maji ya ndoo yalikuwa mekundu. Kambale ana mwiba mgumu kila upande karibu na kichwa, na mwiba mmoja ulikuwa umeingia kwenye nyama chini ya kidole gumba, na samaki mwenyewe bado ananing'inia pale, anajitikisa. Nilimtazama. Sikusikia kitu. Nakumbuka niliwaza kwamba ni samaki mzuri, ana nguvu. Mke wangu alimchomoa, akanifunga kidonda kwa upande wa khanga yake, na baadaye alikaa jikoni peke yake muda mrefu.

Kidonda kile kilichelewa kupona. Mwili usiosikia hauna wa kuukumbusha, kwa hiyo nilikuwa nakigonga mlangoni na kukitonesha bila kujua. Na kambale nao hawakukaa kwa amani. Wiki ya pili tuliwahesabu wakawa saba, ya nne watano, na hao watano matumbo yao yalieleza wenzao wamekwenda wapi. Mvua kubwa iliponyesha tangi likajaa hadi ukingoni, na asubuhi mke wangu akamkuta mmoja anatambaa kwenye majani karibu na banda la kuku, kama mtu anayekwenda zake safari. Waliobaki tukampa jirani. Aliwapokea bila haya, akawapika siku hiyohiyo.

Binti yetu anayeishi Dodoma alipiga simu akasema tuweke samaki wa rangi, wale wekundu wa mapambo, baba awe anaburudisha macho. Nilisema sawa. Nilikuwa nasema sawa kwa kila kitu. Mke wangu akaninyang'anya simu, akasema, "Baba yako hajui anachokubali," akakata.

Jumamosi moja alinivalisha kanzu safi tukaenda Ulyankulu, kwa mama mmoja ambaye mke wangu hununua kwake maharage kila mwaka. Wazazi wa mama huyo walitoka Burundi, yeye alizaliwa hukohuko Ulyankulu, na nyuma ya shamba lake la mahindi alikuwa na mabwawa matatu ya samaki. Alitupokea na rozari shingoni na tope hadi magotini.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba."

Hakunipa pole. Aliniuliza maji ya tangi yanatoka wapi, jua linalipiga saa ngapi, kina ni kiasi gani, na nani atakuwa anawalisha samaki. Hilo la mwisho nilipojibu kwamba ni mimi, aliutazama mkono wangu wenye kovu.

"Huo unafanya kazi?"

"Haufanyi."

"Basi twende na samaki wa mkono mmoja."

Aliyasema hayo kama mtu anayeulizwa saizi ya kiatu. Nilimuuliza, kwa kuwa binti alikuwa ametuagiza, kuhusu samaki wa rangi. Alisema wale utawaona wewe, na ndege aliye juu naye atawaona, na tangi letu halina kivuli. Sato wa ziwani anakua vizuri lakini anataka maji mengi na chakula cha uhakika. Kwetu sisi aliona perege wanafaa. Anakula viluwiluwi, anakula pumba na majani ya mlenda, havumilii uchafu kama kambale lakini hamli jirani yake. Ana miba mgongoni, ila ukimshika kuanzia kichwani kwenda mkiani, miba inalala.

"Shida yake ni uzazi," alisema. "Ukiweka majike na madume kwenye tangi dogo, mwaka haujaisha utakuwa na mia, wote saizi ya kidole, hakuna wa kula. Weka madume peke yake. Thelathini, wasizidi."

Alimvua mmoja mwenye upana wa kiganja, akamgeuza tumbo juu. Karibu na mkia, alisema, dume ana matundu mawili, jike ana matatu, na hilo la tatu ni kama mstari mdogo uliokatwa kwa kisu. Mke wangu alikodoa macho, akasema haoni kitu. Mimi niliuona. Maisha yangu yote nimetafuta ufa mwembamba kwenye ubao kabla sijauwekea msumari.

Tukakaa ukingoni. Yule mama anavua, mke wangu anashika samaki mbele ya uso wangu, mimi natazama.

"Dume," nilikuwa nasema. "Jike. Jike. Dume. Geuza kidogo. Dume."

Ilituchukua hadi adhuhuri. Mke wangu alilowa hadi mabegani, na magamba yalimganda usoni. Aliwahi kunitazama mara moja, kisha akachukua samaki mwingine. Nami nilifahamu kwamba anataka niseme nafurahi. Sikuwa nafurahi. Nilikuwa naona matundu mawili au matatu, basi.

Tuliwasafirisha kwenye madumu yaliyokatwa juu, wakafa wawili njiani. Waliobaki tuliwaacha dumuni mle ndani ya tangi hadi maji yalingane ubaridi, kama tulivyoelekezwa, ndipo tukawamwaga. Tangu siku hiyo nikawa na kazi. Asubuhi pumba, alasiri majani. Mbu walipungua. Bwana afya alirudi, akachota kikombe kilekile, akakuta maji matupu, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Miezi mitatu baadaye niliona wingu la vitu vidogo kama punje za ulezi vikitembea pamoja kandokando ya saruji. Nikamwita mke wangu.

"Kuna jike," nilimwambia. "Nilikosea mmoja."

Alicheka. Alicheka hadi akashika ukuta, akasema nimezeeka, siku hizi hata jike na dume siwajui. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu nilipougua. Nilisimama pale nikimtazama, nikajua kwamba zamani ningecheka naye. Kisha akaenda kuleta kipande cha chandarua tukawachuja, yeye upande wake kwa mikono miwili, mimi upande wangu kwa mmoja, kuku wakala.

Karakana tuliikodisha kwa fundi wa kuchomelea mageti. Randa na patasi bado ninazo chini ya kitanda, sijui kwa nini.

Perege wa kwanza tulimtoa Ijumaa, niliporudi msikitini. Mke wangu alimkaanga, kisha akamchambua miiba yote kabla ya kuniwekea, kwa sababu upande wa shavu uliokufa mwiba ungenichoma bila mimi kujua. Nilitafuna kwa upande wa kulia.

"Mtamu?" aliniuliza.

"Mtamu."

Akaninyooshea kipande kingine, nikala. Halafu akaniuliza kama samaki wengine tukawachague Ulyankulu mwezi ujao au tungoje mvua. Nilifikiri kidogo, nikamwambia tungoje mvua.