Nilifuta Sauti za Marehemu Mdogo Wangu, na Mwanaye Anazisubiri

Habari za kazi admin. Naomba ufiche jina langu, maana hapa Sumbawanga tunajuana sana. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, sijaolewa, ni karani katika ofisi moja mjini na naishi mtaa wa Chanji na mtoto wa marehemu mdogo wangu. Mtoto nimwite Yustina, ana miaka tisa. Kwenye ukurasa huu nimeshauri wengi kwenye maoni, leo ni zamu yangu.

Mdogo wangu aliugua saratani Yustina akiwa na miaka mitano. Alipoona dawa hazisaidii tena, akaanza kujirekodi kwenye simu. Zilikuwa sauti kumi na moja: ya siku mtoto atakapomaliza darasa la saba, ya siku atakapovunja ungo, ya harusi yake. Ya kwanza kabisa ilikuwa ya siku ya komunyo ya kwanza. Alipomaliza, alichomoa memori kadi akaniwekea mkononi mbele ya mume wake. "Dada, wewe ndiye unayejua kompyuta," akasema. "Nitunzie. Usimsikilizishe kabla ya wakati wake." Wiki tatu baadaye tulimzika kijijini kwetu Msanzi.

Ni kweli kompyuta naijua. Ofisini printa ikigoma naitwa mimi. Majirani nimewafundisha wasibonyeze viungo wasivyovijua, wasitumie nywila moja kila mahali, na zaidi ya yote nimewaambia hadi wamechoka: kitu unachokipenda kisikae kwenye mashine moja tu. Sauti za mdogo wangu nilizihamishia kwenye laptop yangu, na folda nikaipandisha kwenye hifadhi ya mtandaoni. Nikaona alama ya wingu, nikaridhika, sikuifungua kuhakikisha. Nilijua nina nakala mbili, basi ile memori kadi nikaifomati nikaiweka kwenye simu yangu. Hadi leo sijui nilipata wapi moyo wa kufanya hivyo.

Miezi michache iliyopita laptop ilikuwa nzito kupita kiasi. Niliangalia video moja ya maelekezo, nikachagua kufuta kila kitu ili iwe kama mpya. Iliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo huku nakunywa chai. Ilipowaka nikaingia kwenye hifadhi ya mtandaoni. Picha za kipaimara cha binamu yangu zipo. Barua za ofisi zipo. Folda ya mdogo wangu nayo ipo, nikaifungua, haina kitu ndani. Nafasi ya bure ilikuwa imejaa kabla sauti hazijapanda, na onyo lilitumwa kwenye barua pepe ambayo nilishaacha kuifungua.

Nilimpelekea fundi mmoja wa mtaa wa Kizwite laptop pamoja na memori kadi. Alikaa navyo siku nne. Akaniuliza, "Dada, uliendelea kuvitumia?" Nikamwambia ndiyo, kadi nimeshaijaza picha na video. Akavuta pumzi. "Kitu kikifutwa, ukiacha kutumia hapohapo mara nyingi tunakirudisha. Hizi sauti umeshaandika vitu vingine juu yake. Pole sana." Simu ya marehemu nayo shemeji alishaigawa kwa ndugu, na sauti hazikuwa ndani ya simu, zilikuwa kwenye kadi tu.

Komunyo ya Yustina ni Jumapili ya wiki ijayo. Shemeji, ambaye anafanya kazi Mpanda, alinipigia. "Shemeji, ile sauti ya mama Yustina ipo salama?" Nikasema, "Ipo." Neno moja tu, na limenifikisha hapa.

Mimi na mdogo wangu tulifanana sauti. Kwenye simu hata mama yetu alikuwa anatuchanganya. Ujumbe ule wa komunyo niliwahi kuusikiliza mara moja, kwa hiyo Jumamosi iliyopita niliingia chumbani nikarudishia mlango, nikaandika niliyoyakumbuka, nikajirekodi. "Mwanangu Yustina, leo umevaa nguo nyeupe..." Nikaicheza nisikie ilivyotoka. Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Msanzi kusaidia maandalizi, nilidhani yuko uani anapepeta ulezi. Nikamwona mlangoni, ameshika fremu.

"Huyo si mwanangu?" akauliza.

Hapo ndipo nilitakiwa kusema kweli. Mama akaketi kitandani, akaanza kumjibu kwa Kifipa, anamuuliza kama huko aliko anapata baridi. Kisha akaniambia, "Rudia." Nikarudia mara tatu, na kila mara alikuwa anaitikia.

Jioni ileile akampigia shemeji kumwambia amemsikia mke wake. Shemeji alilia kwenye simu mpaka akakata. Yustina naye kaambiwa, sasa anahesabu siku.

Nikisema kweli, nitakuwa nimemzika mdogo wangu mara ya pili mbele ya mama. Nikinyamaza, mtoto atakua akiamini sauti yangu ndiyo ya mama yake, na zimebaki sauti kumi, hadi ya harusi. Nitamwigiza marehemu mpaka lini? Wewe unayesoma, kama una sauti au picha ya mtu wako, kaifungue leo uhakikishe kweli ipo.

Jana nikiwa namsuka, Yustina akaniuliza, "Mama mkubwa, mwishoni mama ameniita lile jina?" Kuna jina la utani alikuwa anamwita wakiwa wawili, na kwenye sauti alimalizia nalo huku anacheka. Nimelisahau. Nikamjibu, "Amekuita."

Ndugu zangu, zimebaki siku nane. Msinionee huruma, niambieni tu: nikiamua kusema, nianze na nani, na mtoto huyu nimwambieje?