Chumvi ya Dukani

Wanaoniambia subira huvuta heri hawakuwahi kupanga foleni ya chumvi Kampala. Mimi nilipanga, kule Nakivubo, mtoto mgongoni, mpaka tukafungiwa duka usoni huku magunia yakipakiwa kwenye gari la jeshi kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa mke wa konstebo, tukiishi chumba kimoja katika kambi ya polisi Naguru, na hata sisi tulioitwa watu wa serikali tulikula mboga isiyo na ladha.

Mama mkwe, aliyekuja kutoka kaskazini kunisaidia kulea, alituokoa kwa njia ya kwao. Alichoma maganda ya maharage, akaweka majivu kwenye chungu kilichotobolewa, akamwagia maji, na yaliyochuruzika ndiyo yakawa chumvi yetu. Ni chumvi dhaifu. Ili mchuzi ukolee unamimina bila kuogopa, na mkono wake ulikuwa umezoea hivyo.

Kisha binti yangu, ambaye hata kutambaa hakujua sawasawa, akaanza kuhara. Zahanati walisema tumpe maji yenye sukari na chumvi kidogo sana. Sukari! Labda tungeiagiza mbinguni. Mume wangu akaenda kumwomba mkubwa wake wa kazi, ambaye stoo yake ilijaa hadi darini. Sukari akanyimwa, akapewa fungu la chumvi ya dukani, nyeupe, akaambiwa ashukuru. Nilipokwenda kuteka maji, mama mkwe akamchanganyia mjukuu wake kinywaji, akapima kama alivyozoea kupima ile ya majivu.

Mtoto alikunywa kwa pupa. Akalia, akapewa tena, akalia zaidi.

"Mutoto iko na kiu sana," mama alinipokea kwa furaha niliporudi. "Kama nakunywa hivi, atapona."

Hakupona. Ngozi ya tumbo lake ikawa laini kama unga uliokandwa, mikono ikaanza kurukaruka. Tukamkimbiza hospitali. Daktari, mmoja wa wachache ambao hawakuwa wamekimbia nchi, alionja kinywaji kilichobaki chupani, akakunja uso. Akanieleza. Kuhara kulimmalizia maji, nasi tukamwongezea chumvi. Sasa chumvi imezidi ndani ya damu, na damu hiyo inayavuta maji kutoka mwilini mote, hata kwenye ubongo. Ndiyo maana anakunywa na bado analia kiu. Wala hatuwezi kumpa maji mengi kwa mara moja, akasema, kwa sababu ubongo uliokauka ukirudishiwa maji kwa haraka huvimba. Alihitaji dripu ya maji ya sukari, ishuke polepole. Dripu haikuwepo.

Tukampa maji kwa kijiko, kidogo kidogo, naye akikitazama kikombe na kukililia. Hasira iliyonipanda pale sijaimaliza hadi leo. Mwanangu alifia mikononi mwangu, mdomo wazi.

Kwenye matanga minong'ono ikaanza. Bibi kizee mgeni, mjukuu kafa ghafla akitetemeka: wanawake wakasema ni mchawi, wakavuta mikeka yao mbali naye. Mkubwa wa mume wangu naye alikuwepo, amekalia kiti pekee chenye mto, akisema ni kazi ya Mungu.

Nikasimama. Mume wangu alinivuta nguo, nikamponyoka. Nikawaeleza yote: chumvi ya majivu na chumvi ya dukani, damu inavyonyonya maji, dripu iliyokosekana, sukari tuliyoomba tukanyimwa. Nilisema polepole, kwa Kiswahili chetu cha kambini, asije mtu akadai hakuelewa. Hapa hakuna mchawi, nikamaliza.

Mama mkwe akainua mkono wake wa kulia, akautazama kana kwamba si wake.

"Basi ni hii mukono yangu?" akaniuliza.

Mkubwa akavaa kofia yake, akaondoka bila kuaga. Swali lile lilikuwa la kuulizwa yeye, na aliyebaki nalo ni yule bibi kizee.