Homa ya Ng'ombe Waliorudi

Mwanangu wa mwisho anaendesha watalii kule kreta, kwenye bonde la wanyama. Saratani ya damu ilimpata, dawa za kwanza zikashindwa, ikabidi apelekwe India. Kabla hajaondoka, dokta aliniita. Ana sauti nyembamba, kama mbuzi mwenye mafua: "Bibi, watachukua askari wa damu yake, watawabadilisha maabara wamjue adui, halafu watawarudisha mwilini."

Mimi nilishakunja mkono wa gauni. "Chukua wa kwangu. Wake wamelala."

"Hapana, bibi. Lazima wawe wake."

"Aa! Kama ng'ombe tuliompa rafiki yetu wa Malambo atutunzie. Sasa wakirudi, mtawafunga? Wetu tunawafunga karibu na mlango, la sivyo wanarudi walikotoka."

Akacheka mpaka miwani ikashuka puani. "Hatuwafungi, bibi. Ila siku za kwanza watapigana, atapata homa kali. Huko wanaijua, watakaa naye."

Siku ya pili baada ya askari kurudishwa mwilini, nilikuwa namenya maharage, mkwe wangu, mkewe aliyekwenda naye India, akapiga simu kutoka hospitali, analia: "Mamaa! Anachemka! Hata mimi hanijui!"

Shemeji yangu, kaka wa marehemu mume wangu, akaja mbio. Huyo haongei bila kusafisha koo. "Khm. Arudishwe. Khm. Mtu afie kwake."

"Maliza kikohozi kwanza. Ng'ombe wakirudi zizini, ulishaona wasipigane pembe?"

"Khm. Hapana."

"Na ulishawatoa tena kwa sababu wanapigana?"

Nikampigia mkwe, nikamwambia, msiondoke hapo, msikilizeni dokta. Mdomo wangu ulikuwa hodari. Mikono ndiyo ilinisaliti: jioni nilikuta maganda nimeyatia chunguni, maharage nimewatupia kuku.

Siku ya tano namenya maharage tena, simu ikalia. Sauti ya kizee, imekauka: "Mama, chakula cha huku hakina chumvi."

"We nani?"

"Mama, jamani! Mwanao."

"Na huyo aliyekaa pembeni yako, unamjua?"

"Mke wangu. Ananinyang'anya simu. Mama, nataka loshoro."

Nikakaa chini palepale, kwenye maganda. Wakati huo hatukujua kama saratani imekwisha, na mpaka leo bado wanampima. Lakini mgonjwa anayedai maziwa mgando na mahindi, huyo yupo.

Shemeji kasimama mlangoni. "Khm."

"Sema basi!"

"Khm. Loshoro inakaa siku ngapi kwenye ndege?"