Mgongo Ambao Haukuwa Tayari

Farasi jike aliletwa kwa lori kutoka Mbeya, amekonda, uti wa mgongo umemchomoza kama mti wa paa. Nilikuwa saisi, mtunza farasi, kwenye shamba la tumbaku la Mzungu mmoja nje ya Iringa, na kazi ya kumtengeneza ikawa yangu. Asikudanganye mtu kwamba farasi hutengenezwa kwa kumpanda. Mgongo dhaifu ukiubebesha mtu, umeuharibu.

Nilianza kwa kutembea naye tu, kamba mkononi. Wiki ya tatu nikamzungusha kwa kamba ndefu, kulia kisha kushoto, mpaka majani yakaisha likabaki duara la vumbi. Nikalaza miti ya mikaratusi chini ajifunze kuinua miguu. Baadaye tukawa tunapanda kilima, polepole, maana hapo ndipo mgongo na mapaja hufanya kazi. Wenzangu shambani walinicheka, wakasema nimeoa. Wacheke. Kila jioni nilipitisha kiganja mgongoni mwake nikasikia nyama inajaa pembeni mwa mfupa, na nilifurahi, sitaficha. Kwa hesabu yangu alibakiza miezi miwili. Akipandwa kabla ya hapo, kwenye mteremko miguu ingemwisha nguvu.

Asubuhi moja bwana, yule Mzungu mwenye shamba, alikuja na wageni wake, amevaa buti za kupandia. Alikuwa mtu mnene. Akaniuliza kama farasi yuko tayari.

"Ndiyo, bwana," nikasema.

Ndivyo nilivyolelewa nyumbani kwetu: mkubwa humkatalii usoni, tena mbele ya wageni. Unaitikia kwanza, kisha unamtuma mtu aliyemzoea akamweleze pembeni, na mkubwa anabadili neno lake bila aibu. Kwa baba yangu mambo yalikwenda hivyo siku zote. Nikakimbia jikoni kumwomba mpishi, mzee aliyekaa na bwana miaka mingi, akamwambie bado. Mpishi akafuta mikono, akachukua trei ya chai apate sababu ya kumsogelea. Mjinga mimi, nikamsubiri apange vikombe. Tulipotoka, wageni walikuwa wameshafunga tandiko na bwana yuko juu, anateremka kuelekea mtoni. Ningeweza kupiga kelele. Sikupiga.

Farasi alianguka katikati ya mteremko. Bwana aliinuka na mchubuko wa kiwiko. Farasi hakuinuka; mguu wa mbele ulikuwa umevunjika, na alikuwa akinitazama mimi. Bunduki ikaletwa. Nilimshikia hatamu mpaka mwisho.

"Wewe ndiye uliyesema yuko tayari," bwana akaniambia.

Ni kweli nilisema. Mpaka leo nikikumbuka hasira zinanipanda, na sijui nimkasirikie nani zaidi, yeye au mimi.

Baada ya mavuno akaleta farasi mwingine, dume kijana, naye mgongo hauna nyama. Nikaanza upya: kamba, duara, miti chini, kilima. Mwezi wa pili wa kazi hiyo bwana akaja na wageni wale wale na swali lile lile. Safari hii nilimtazama machoni.

"Bado, bwana. Mgongo wake haujakomaa."

Akanifukuza kazi palepale, akasema sina adabu. Nilikuwa nafunga blanketi langu kwa kamba nilipomsikia akiagiza tandiko.