Sweta za Shule Iliyoungua

Shwaa, shwaa, shwaa, halafu puf. Mpaka leo naisikia. Shwaa ni kichwa cha mashine ya kufuma kikikimbia kwenye reli, kwenda na kurudi; puf ni kipande cha sweta kikianguka ndani ya kreti. Mwanzoni nilikuwa nikiifuata kwa mguu chini ya meza, kama muziki.

Kiwanda chetu kilikuwa Nakuru, mali ya mzee Mhindi aliyeanza na mashine za kusukuma kwa mkono. Kijana wake ndiye aliyeleta kompyuta. Unachora sweta kwenye skrini, unaandika saizi na idadi, basi. Kompyuta yenyewe inapiga hesabu ya nyuzi, inapanga mashine gani ifume nini siku gani, na kupitia waya inaziamuru. Mimi niliishia form two, lakini vidole vyangu vilikuwa vyepesi, nikapewa kile kiti. Nilikuwa na ndoto ya kuchora sweta zangu mwenyewe, zenye flamingo kifuani.

"Designer," kijana wa mzee alinicheka, "hiyo flamingo yako ina miguu ya kuku."

Mwisho wa 2007 niliingiza oda za Januari. Moja ilikuwa ya shule ya msingi upande wa Molo. Auntie aliyekuwa akiunganisha vipande kwa cherehani, jirani ya meza yangu, alikuwa na binti wa kuanza darasa la kwanza huko, akiishi na nyanya yake.

"Akilia baridi nakuja kwako," aliniambia.

Halafu uchaguzi, na vurugu zilizofuata. Tuliporudi kazini viti vingi vilikuwa vitupu, na moshi ulikuwa umekaa juu ya mji. Niliwasha stima tu. Mashine zikasoma mpango wa mwaka uliopita, zikaanza zenyewe sweta za ile shule ya Molo.

Shule ilikuwa imechomwa. Sisi tuliambiwa na dereva wa lori la viazi. Kompyuta hakuna aliyeiambia.

Kila akimaliza sweta moja, auntie alimpigia simu mama yake, nyanya wa binti. Yule mwanamke wa kwenye simu alijibu kwa upole uleule: mteja hapatikani. Mashine zilikuwa zimeanza na saizi kubwa, zikateremka, na ndani ya kreti ni kama watoto walikuwa wakipungua kimo. Mikono mitupu ilining'inia ukingoni, ikitikisika na mtetemo wa sakafu. Nilianza kukaa nikiangalia ukuta.

Kijana wa mzee akapiga simu kutoka Nairobi, alikokwama. "Futa hiyo oda. Nani atanunua?"

Auntie alikuwa amesikia. "Usifute."

"Auntie, ni boss amesema."

"Haijafika saizi ya mtoto wangu. Ngoja ifike saizi yake."

"Na ikifika?"

Alikata uzi kwa meno. Nikamwambia boss kompyuta imekwama.

Kesho yake ikaanguka saizi ya mwisho, mgongo wa sweta peke yake. Auntie akauokota, akaupima kwa kiganja, akatoka nao. Alienda uwanja wa maonyesho, malori yalikokuwa yakishusha watu waliokimbia Molo, akawa anaunyoosha mbele ya kila mtu: umeona mtoto wa kimo hiki?

Mashine ziliendelea bila yeye. Vipande vikajaa, hakuna wa kuviunganisha.

Jioni ilipokaribia simu yangu ikalia. "Nimempata," akasema. "Yuko na nyanya yake. Haongei. Anatetemeka tu." Kisha akasema: "Sasa unaweza kufuta."

Wengine walikuwa wameshakimbilia nyumbani kabla ya kafyu. Nikafungua ile oda. Shingoni na kwenye mikono kulikuwa na mistari ya njano ya shule. Nikaifuta mmoja mmoja, mpaka sweta ikabaki rangi moja. Nikaacha ile saizi ndogo ya binti peke yake. Kwenye idadi nikaandika moja, nikabonyeza.