Kanzu ya Tanuru Namba Moja

Siku yangu ya kwanza kiwandani nilipewa mabuti yaliyonizidi ukubwa, sepeto, na amri moja: nisisogelee tanuru mpaka niitwe. Nilikaa miezi minane bila kuitwa. Kiwanda chetu kilikuwa Kibaha, ndani kidogo kutoka barabara ya Morogoro, na kazi yake ilikuwa kuyeyusha chuma chakavu na kukigeuza nondo za kujengea. Mimi nilitoka Kisarawe, ambako wazee wangu walilima mihogo na korosho, na nilikuwa sijawahi kuona chuma kikimiminwa kama uji. Kila kreni ilipoinua ndoo ya kumiminia nilisimama na sepeto langu nikawaonea kijicho wale waliokuwa juu ya jukwaa wamevaa miwani ya bluu. Nasema kijicho mapema ili msomaji asije akashangaa mbele ya safari. Nimefanya kazi ya chuma maisha yangu yote, na muda mwingi wa maisha hayo nimekuwa mtu wa wivu.

Aliyekuja kuniita hatimaye alikuwa Fundi Mkuu wa Tanuru, mzee mfupi mwenye nyusi zilizoungua zikakataa kuota tena. Alinipandisha jukwaani, akaniambia nitazame ndani.

"Unaona nini?"

"Moto, mzee."

"Moto anauona kila mtu. Angalia ukuta."

Hapo ndipo nilipoanza kufundishwa kazi, nami nitaieleza kwa kifupi kwa vijana wasioijua. Tanuru la umeme ni sufuria kubwa. Nje yake limezungushiwa bomba la shaba linalopitisha umeme, na ndani ya bomba hilo hupita maji ya kulipoza. Kati ya bomba na chuma kinachochemka kuna ukuta wa mchanga mweupe unaoshindiliwa kwa mikono mpaka ukawa mgumu, na ukuta huo tuliuita kanzu. Kanzu ikitoboka, chuma cha moto kinakutana na maji, na mlipuko wake haumbakizi mtu wa kusimulia. Kila mpiko mmoja, yaani kila tunapoyeyusha na kumimina, chuma kinakula kanzu kidogo.

Sasa sikilizeni vizuri, maana habari yangu yote imelala hapa. Kanzu ikiliwa, sufuria inapanuka, kwa hiyo inabeba chuma kingi zaidi. Tena chuma kinakuwa karibu zaidi na bomba la umeme, kwa hiyo kinayeyuka haraka. Tanuru linalokaribia kuua watu ndilo linaloonekana hodari kuliko siku zote. Fundi Mkuu alikuwa akituambia, "Likipika vizuri kupita kawaida, mimi naogopa," nasi vijana tukamwona mwoga.

Ili kujua kanzu imebaki kiasi gani tulikuwa na fimbo ya chuma yenye alama. Zamu ikiisha na tanuru likiwa tupu, mkuu wa zamu hupima upana wa ndani kwa fimbo hiyo na kuandika kwenye daftari la zamu. Upana ukifika alama nyekundu, tanuru linazimwa, kanzu kuukuu inavunjwa, na mpya inashindiliwa kwa siku kadhaa. Fundi anayetoka ndiye anayepima. Anayeingia husoma daftari, akaendelea na kazi. Kupima tena baada ya mwenzako kupima kulihesabiwa kumvunjia heshima, hasa kama aliyepima ni mkubwa wako. Hakukuwa na karatasi iliyosema hivyo, lakini sote tuliishi hivyo.

Nilipanda pole pole mpaka nikawa mkuu wa zamu ya asubuhi. Wakati huo ndipo alipoletwa Eliwaza.

Alikuwa binti wa Upare, na alianzia uwanja wa chakavu. Huko kazi yake ilikuwa kutenga vyuma kabla havijaingia tanuruni: alikigusisha chuma kwenye jiwe la kunolea linalozunguka, akatazama cheche, akasema hiki ni springi ya gari, hiki ni bomba, hiki msiweke kitatuharibia mpiko. Hakukosea. Meneja Uzalishaji akamhamishia kwangu nimfundishe tanuru, nami nikamfundisha kwa moyo mmoja, mpaka siku Fundi Mkuu aliposimama nyuma yetu akasema, "Shabani, huyu binti ana jicho." Nilikuwa nimefanya kazi chini ya mzee yule miaka mingi na hakuwahi kuniambia kwamba nina jicho. Nilicheka, nikasema ni kweli, na chakula cha mchana siku hiyo kilinishinda.

Fundi Mkuu alipostaafu, Eliwaza akapewa zamu ya mchana. Tulikuwa tunapokezana tanuru hilohilo, mimi asubuhi, yeye mchana. Aliendelea kuniita mwalimu, na neno hilo lilizidi kuniudhi kadiri alivyozidi kuijua kazi.

Kisha kampuni ikatangaza mpango wake. Meneja Uzalishaji alitukusanya kantini, akabandika mchoro ukutani. Uzalishaji utaongezwa mara mbili: litajengwa tanuru la pili, kubwa kuliko la kwanza, na mtambo mpya wa kuvuta nondo. "Tanuru jipya litahitaji mkuu wake," alisema, "na atatoka humuhumu. Nitaangalia kazi. Sitaangalia umri wala nani alianza." Aliposema hivyo alinitazama mimi, halafu akamtazama Eliwaza, na kantini nzima ikatutazama sote wawili. Nilikitaka cheo kile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Na nilitaka yeye akikose, kwa nguvu ileile.

Kuanzia wiki ile nilihesabu mipiko yake. Nikifika asubuhi kitu cha kwanza ni kufungua daftari nione jana mchana alimimina mara ngapi. Alikuwa mtu wa taratibu. Alikwangua mavi ya chuma, ule uchafu unaoelea juu, mpaka pakang'aa, na kwa hiyo mipiko yake ilikuwa michache. Mimi nikaongeza kasi. Kanzu ilikuwa imeanza kuchakaa, tanuru likawa linapika haraka na kubeba zaidi, na hesabu ya zamu yangu ikapanda. Meneja Uzalishaji akaja jukwaani mwenyewe.

"Mzee Shabani, unafanya nini hapa ambacho wengine hawafanyi?"

Nilikuwa na jibu la kweli, tena fupi. Kanzu inaliwa, bosi. Badala yake nilimwambia, "Ni uzoefu tu."

Akanipiga begani mbele ya vijana. Siku mbili baadaye nilisikia amemwambia Mkurugenzi kwamba huenda hakuna haraka ya kujenga tanuru la pili, kwamba la kwanza likiendeshwa kwa mtindo wa zamu ya asubuhi linaweza kutoa zaidi bila kuongezwa kitu, na kwamba mtindo huo ufundishwe zamu zote. Mpango wa kampuni nzima ukaanza kuandikwa upya juu ya maneno yangu mawili matatu ya kujisifu.

Ijumaa ya wiki ile, zamu yangu ilipoisha, nilipima. Fimbo ilipita alama nyekundu kwa upana wa kidole. Kulikuwa na vijana wawili karibu lakini hawakuwa wakinitazama. Nilijua kinachotakiwa: kuzima. Nikizima, zamu yangu inaishia pale, kila mtu anajua kilichokuwa kikiongeza chuma ni nini, na cheo kinakwenda upande wa pili wa jukwaa. Nikafungua daftari nikaandika kipimo cha jana yake. Tarakimu zilinyooka. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini zilinyooka.

Eliwaza akapanda. "Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Daftari hilo. Mambo safi."

Alisoma. Akatazama ndani ya tanuru, halafu akaichukua fimbo.

"Nimeshapima," nikamwambia.

"Najua, mwalimu. Unisamehe."

Akapima mbele yangu na mbele ya zamu mbili zilizokuwa zikipishana. Aliinua mkono kwa kijana wa chumba cha umeme, akampa ishara ya kuzima. Nikapata uso wa kumwambia kwamba hana adabu, kwamba kwao hawakumfundisha. Alinijibu kwa sauti ya chini, vijana wasisikie, "Sema wewe mwenyewe kwa Meneja, mwalimu. Mimi nitasema tu kwamba nimezima."

Meneja Uzalishaji alikuja amefura. Siku ile ilikuwa na oda kubwa. "Nani amezima?"

"Mimi," alisema Eliwaza.

"Kwa amri ya nani?"

Alinitazama. Nikayatazama mabuti yangu.

Kanzu ilipovunjwa, sehemu moja chini ukuta ulikuwa umebaki mwembamba kama chapati. Meneja aliona, akakaa kwenye ngazi ya jukwaa, akaomba maji. Kulipofanyika kikao, Afisa Utumishi aliuliza kipimo cha uongo ni cha nani. Mwandiko ulikuwa wangu, lakini mara nyingi mmoja alipima akataja namba na mwenzake akaiandika, na hakuna aliyeweza kuapa. Kabla sijafungua mdomo, Eliwaza akasema, "Ni uzembe wa zamu zote mbili." Tukapewa barua za onyo kwa kipimo cha uongo, yeye yake na mimi yangu, zenye maneno yaleyale.

Mpango wa zamani ulirudishwa mezani. Tanuru la pili likajengwa, na mkuu wake akawa Eliwaza, maana barua au si barua, aliyezima ni yeye. Yeye ndiye aliyeleta utaratibu wa zamu inayoingia kupima mbele ya inayotoka, na hakuna aliyeuona tena kuwa ni kuvunjiana heshima. Mimi nilibaki na tanuru namba moja mpaka nikastaafu. Siku ya kuniaga, Mkurugenzi mpya alisoma hotuba akanisifu kama fundi aliyewahi kutoa kwenye tanuru lile chuma kingi kuliko wote. Watu wakapiga makofi. Eliwaza naye alipiga makofi. Nilipokea saa ya ukutani na kanga mbili za mke wangu, nikarudi Kisarawe.

Mwaka huu kampuni imeanza mpango mwingine, wa tanuru la tatu, na safari hii wanataka mtu mmoja wa kusimamia matanuru yote. Eliwaza alikuja kwangu Kisarawe na mfuko wa mchele na sukari. Aliongea na mke wangu muda mrefu habari za shamba alilolinunua kijiji cha Janga, kisha akanigeukia.

"Mwalimu, kwenye faili langu kuna ile barua. Wakubwa wa sasa hawakuwepo. Wananiuliza ilikuwaje nikaandika kipimo cha uongo."

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Ningesema wangekufukuza. Ulikuwa na watoto watatu shule. Mimi nilikuwa peke yangu."

Hakuniomba kitu. Alikunywa chai akaondoka. Nami nikakaa na jambo lile wiki sita, nikipalilia mihogo isiyokuwa na magugu. Nikiandika, hakuna atakayenikumbuka tena kwa chuma kingi kuliko wote. Nisipoandika, atakosa cheo, na nakiri mbele yenu kwamba kulikuwa na asubuhi nilizoamka nikiona hilo si jambo baya sana.

Vijana, nimeshika chuma cha moto, nimeungua mikono yote miwili, na sijaona kinachochoma taratibu kama mtu uliyemfundisha anapokupita. Hakiishi ukistaafu. Mimi nilidhani kitaisha.

Niliandika kwa mkono, ukurasa mmoja. Kipimo kilikuwa changu, mwandiko wangu, uongo wangu, Eliwaza hahusiki. Nikaupeleka mwenyewe Kibaha. Afisa Utumishi wa sasa, mama mmoja wa umri wa binti yangu, aliusoma mara mbili.

"Mzee, hii itaingia kwenye faili lako pia."

"Iingie."

"Unataka niseme nini kwa watu wanaokusifu humu ndani?"

"Wasomee."

Baada ya majuma mawili Eliwaza akanipigia simu. "Shikamoo mwalimu. Wamenipa." Nikamwitikia, nikampa hongera, nikamwambia anastahili, na ilikuwa kweli. Akaanza kunieleza habari za tanuru la tatu: ukubwa wake, mchanga watakaoutumia kwenye kanzu, nani ataishindilia ya kwanza, sauti yake ikichangamka kama ya mtu aliyepata mtoto. Nikamwambia simu yangu inaisha chaji. Haikuwa inaisha. Nilikata, nikaiweka mezani, nikaitazama ile chaji iliyojaa mpaka skrini ikazima yenyewe.